Jina la Kiitaliano kwa Mtoto Asiye na Ndugu Italia: Namna ya Kulichagua

Nesi aliita mara tatu. "Chiara! Chiara! Mama Chiara yupo?" Alilitamka kwa ch ya chai. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, mtoto amelala kifuani, nasubiri zamu yetu ya mizani na chanjo, na sikuinuka. Nyumbani tulikuwa tumeshamwita Kiara kwa wiki sita, kama wenye jina lao wanavyotamka, na masikio yangu yalikuwa yamezoea hivyo. Mama aliyekaa kando yangu ndiye aliyechungulia kadi yangu akanigusa bega: "Dada, si wewe huyo?"

Ukoo wetu hauna Mwitaliano hata mmoja. Mimi ni wa Iringa, mume wangu ni wa Mbeya, na tukirudi nyuma vizazi vyote tunavyovikumbuka hatukuti mtu aliyevuka bahari. Jina tulilitaka kwa sababu zetu, nitazieleza, na sijutii. Ila siku ile pale kliniki niligundua ni mambo mangapi hatukuyafikiria. Tangu hapo wazazi wenzangu wengi wameniuliza tulifanyaje, nami nawajibu kwa mpangilio huu.

Hatua ya kwanza: Ondoa woga wa kuonekana unajifanya

Swali utakaloulizwa kabla ya yote ni hili: kwa nini Kiitaliano, ninyi mna Mwitaliano gani? Kabla hujababaika, tazama majina yaliyokuzunguka. Shirika la Wamisionari wa Consolata lilianzishwa Torino mwaka 1901 na padri Giuseppe Allamano. Mwaka 1902 wakafika Kenya, na 1919 wakafika Iringa. Walikuja na jina ambalo watu wa Torino humwitia Bikira Maria, Consolata, yaani aliyefarijiwa. Leo simama kwenye uwanja wa shule Iringa au Nyeri, uite "Consolata!", hukosi wa kuitikia. Italia kwenyewe jina hilo si la kila siku. Kwetu ni jina la shangazi, la mwalimu, la mama muuza vitenge, na hakuna anayemwuliza shangazi Consolata ana damu kiasi gani ya Torino.

Kuna na kundi jingine: Goretti, Bosco, Gonzaga. Hapa sisi tumefanya jambo ambalo Waitaliano wenyewe hawalifanyi. Maria Goretti, binti aliyeuawa mwaka 1902 akiwa na miaka 11 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1950, jina lake ni Maria. Goretti ni jina la ukoo wa baba yake. Giovanni Bosco, padri wa vijana wa Torino, ni vivyo hivyo, na Luigi Gonzaga pia. Sheria ya Italia ya mwaka 2000 kuhusu usajili wa raia, kifungu cha 34, inakataza kabisa kumpa mtoto jina la ukoo liwe jina lake la kwanza. Goretti wetu akitua Roma, anaweza kuulizwa: sawa, na jina lako la kwanza? Kwetu Goretti limeshakuwa jina kamili na lina heshima yake, usimwambie mtu alibadili. Lakini kama unataka jina ambalo Mwitaliano akilisikia atajua mara moja ni jina la mtu, chukua Maria, Giovanni au Luigi.

Hatua ya pili: Anza na majina ya kwenu, kisha uyatafutie wenzao

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Watu huanza na orodha ya majina mia tatu kwenye simu. Ukifika ukurasa wa pili, Alessia, Alessio na Alessandra yote yanasikika sawa, mnachagua lolote kwa sababu mmechoka.

Chukua karatasi tupu. Andika majina ya bibi na babu wa pande zote mbili, shangazi aliyekulea, rafiki mliyeshibana naye. Mbele ya kila jina andika maana yake. Majina yetu mengi ya Kiswahili ni maneno ya wazi, na Waitaliano nao wana majina ya namna hiyo. Furaha ni Gioia. Nuru ni Luce. Neema ni Grazia, Tumaini ni Speranza, Imani ni Fede. Zawadi anakaribiana na Donata, na wa kiume Donato, aliyetolewa kama zawadi. Ushindi ni Vittoria. Nyota ni Stella. Baraka anaweza kuwa Benedetto, aliyebarikiwa. Amani hana mwenzake wa moja kwa moja, kwa kuwa Mwitaliano hamwiti mtoto Pace, lakini Irene ni neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo, nao wanalitumia sana.

Tahadhari moja: tafsiri haivuki kila mahali. Sisi tuna akina Juma, Khamisi na Jumanne, majina ya siku walizozaliwa, na ni majina ya heshima. Wazazi fulani wa Genoa walimwita mtoto wao Venerdì, yaani Ijumaa, na mahakama ikalikataa kwa hoja kwamba litamfanya achekwe. Mtoto akaandikwa Gregorio. Hapo hapo Domenica, neno la Kiitaliano la Jumapili, ni jina zuri la msichana na limetumika kwa karne nyingi. Kwa hiyo ukishapata tafsiri, hakikisha kwamba kuna watu wanaoitwa hivyo kweli.

Jina linalonigusa zaidi kwa njia hii ni Bahati. Karibu mwaka 1869, huko Darfur, alizaliwa mtoto wa kike ambaye wafanyabiashara ya watumwa walimteka akiwa mdogo. Kwa hofu na mateso akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka wakamwita Bakhita, neno la Kiarabu, mwenye bahati, lenye shina lile lile la bahati yetu. Aliuzwa na kuuzwa tena, akafikishwa Italia, na mwaka 1889 mahakama ya Venezia ikatamka kwamba yu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa kwa majina ya Giuseppina Margherita Fortunata. Fortunata ndiyo Bakhita iliyotafsiriwa. Alikufa katika mji wa Schio mwaka 1947, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu. Basi Fortunata wa Moshi, Bakhita wa Nairobi na Bahati wa Kigoma ni wajina, hata kama hawajawahi kukutana. Mzazi mwenye mama aitwaye Bahati akimwita binti yake Fortunata, mtoto amekuwa somo wa bibi yake na hakuna aliyelazimisha kitu.

Sisi tulifika kwa Chiara kwa njia hiyo. Mama mkwe wangu anaitwa Nuru. Upande wa mume wangu binti wa kwanza hurithi jina la bibi mzaa baba. (Kusini mwa Italia desturi ilikuwa hiyo hiyo: wa kwanza wa kiume kwa babu mzaa baba, wa kwanza wa kike kwa bibi mzaa baba.) Mimi kwa upande wangu nilitaka kumkumbuka mkunga aliyenipokea mimi mwenyewe nilipozaliwa, sista wa Kiitaliano ambaye mama yangu hachoki kumtaja. Luce tuliliogopa, maana tuliona kila mtu atalisoma kivyake. Chiara maana yake ni angavu, iliyo wazi na yenye mwanga. Tulipompigia mama mkwe simu na kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi." Nikamwambia ndiyo mama, ni wewe.

Familia za Kiislamu nazo zina mlango mpana hapa. Yusufu ni Giuseppe, Yahya ni Giovanni, Zakaria ni Zaccaria, Daudi ni Davide, Ilyasi ni Elia, Mariamu ni Maria, na Sara ni Sara. Yaacheni Natale, Pasquale na Cristiano: ni Krismasi, Pasaka na Mkristo.

Hatua ya tatu: Jifunze kulitamka kabla ya kulipenda

Kwa irabu, Mswahili hana kazi. A, e, i, o, u zao zinasomeka kama zetu. Mitego iko kwenye konsonanti, na si mingi.

C ikifuatwa na e au i ni ch yetu: Cecilia ni Chechilia, Felice ni Feliche, Alice ni Aliche. Ch yao nayo ni k: Chiara ni Kiara, Michele ni Mikele. G ikifuatwa na e au i ni j, na ile i ikiwa imebanwa kati ya g na irabu nyingine haisikiki: Giovanni ni Jovanni, Giulia ni Julia, Giacomo ni Jakomo. Gh ni g ya gari, kama kwenye Margherita. Gn ni ny ya nyanya, hivyo Agnese huanza kama "anye". Z mara nyingi husikika kama ts, Lorenzo ni Lorentso. Konsonanti ikiandikwa mara mbili, ikalie kidogo: Anna, Matteo.

Mkazo ndio unaotutenganisha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Kiitaliano mara nyingi hufanya hivyo, lakini si siku zote. Sisi tunasema Ste-FA-no, wao STE-fa-no. Monica, Angela, Davide, Domenico na Giacomo nao wana mkazo silabi moja nyuma zaidi kuliko tulivyozoea. Ushauri wangu ni kwamba usianze vita na ndimi za watu wazima. Kama unataka mtoto aitwe sawasawa Iringa na Italia, chagua jina ambalo mkazo wake umekaa pale pale tunapouweka sisi: Marco, Lorenzo, Matteo, Rosa, Serena, Martina, Irene.

Hilo la mwisho nalipenda sana. Wengi wetu tunasema Airini, kwa kufuata Waingereza. Waitaliano wanasema I-RE-ne, yaani vile vile ambavyo mtoto wa darasa la kwanza angelisoma kwa Kiswahili. Kenya wanalo jina hili karibu: Irene Stefani, sista wa Consolata ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha, mtu wa huruma. Alifariki Gikondi mwaka 1930, na mwaka 2015 akatangazwa mwenyeheri huko Nyeri.

Halafu fikiria l na r. Kama wazee wenu hawazitenganishi, na makabila mengi hayazitenganishi, usiwape Aurora wala Valeria. Bibi yangu mzaa mama angelihangaika na Aurora mpaka aache kuliita, na bibi akiacha kumwita mjukuu kwa jina, hapo jina limeshindwa kazi yake. Matteo, Anna na Simona hayamsumbui mtu.

Mwisho wa hatua hii, amueni tahajia. Mnaweza kuandika Chiara na kukubali kueleza kila mara, au mkaandika Kiara na jambo likaisha. Njia zote mbili ni halali. Paulo, Luka, Mathayo na Fransisko walivukishwa kuingia Kiswahili kwa njia ya pili, na hakuna anayewaona wamepungukiwa. Sisi tulibaki na Chiara, na siku ile kliniki ndiyo gharama yake.

Hatua ya nne: Hakikisha ni jina la kike au la kiume

Wengi hudhani kila jina la Kiitaliano linaloishia na a ni la kike na kila linaloishia na o ni la kiume. Anayeijua Biblia ya Kiswahili hawezi kudanganyika moja kwa moja, kwa maana Andrea na Luka wetu ni wanaume. Waongeze Nicola, Mattia, Elia, Enea na Tobia, wote wa kiume. Andrea lilikuwa la kiume tu kule Italia hadi mwaka 2012, mahakama ya juu iliporuhusu msichana kuitwa hivyo.

Wenye e mwishoni ndio wanaoleta aibu kubwa. Michele, Gabriele, Daniele, Simone, Samuele na Emanuele ni wanaume. Mtu akisoma Michele kwa Kifaransa au Simone kwa Kifaransa anaona msichana, akampa binti yake, na binti akienda kusoma Italia atapokea barua za "Bwana". Wakati huo huo Beatrice, Alice, Irene, Matilde na Agnese ni wa kike. Hakuna kanuni ya kukuokoa hapa. Liangalie kila jina peke yake.

Hatua ya tano: Lisikilize kwa masikio ya Kiswahili

Jina zuri Firenze linaweza kuwa neno jingine kabisa Kariakoo, na mwongozo ulioandikwa na Mzungu hautakuonya.

Gino hutamkwa Jino. Hata ukiliandika kwa g, siku mtoto atakapoanza shule wenzake watakuwa wamelipata. Leo, kifupi cha Leonardo, ni leo: "Leo hajaja leo." Leonardo kamili halina shida hiyo, na ndilo jina lililoongoza kwa watoto wa kiume Italia tangu mwaka 2018. Lia ni lia, na sitaki binti aamrishwe kulia kila anapoitwa chakula. Nina ni nina. Mara ni mara, na pia ni mkoa na mto. Pia, lenye maana ya mcha Mungu, lina mashiko kanisani, lakini jaribu kusema "Mwite Pia" mbele ya watoto wawili, uone nani anakuja.

Mengine yanageuka kuwa mazuri zaidi. Lea, ndiye Lea wa Biblia, kwetu ni kulea. Enea, jina la shujaa wa Troia katika hadithi za Warumi, kwetu ni kuenea. Gianna hutamkwa Janna, na jirani Mwislamu atasikia janna, yaani Peponi. Hayo hayaharibu jina, yanalipa mzizi wa pili.

Usiishie kwenye Kiswahili. Piga simu kijijini, taja jina, kaa kimya usikilize. Neno lisilo na hatia kwa Kiswahili linaweza kuwa la aibu kwa lugha ya mama mkwe, na ni heri ucheke naye sasa kuliko baada ya cheti.

Hatua ya sita: Jua nani amelibeba kabla ya mwanao

Majina ya Kiitaliano yamefungwa na miji na watakatifu wake. Ukimwita mtoto Gennaro, umetaja Napoli, na sikukuu yake ni 19 Septemba. Ambrogio ni Milano, 7 Desemba. Agata ni Catania, 5 Februari. Rosalia ni Palermo. Rita ni Cascia, 22 Mei. Siku ya mtakatifu wa jina huitwa onomastico, na ndugu hupigiana simu kupongezana. Tumeiga hili nyumbani: tarehe 11 Agosti, siku ya Chiara wa Assisi, ambaye kwa Kiswahili tunamwita Klara, mama mkwe hupika wali wa nazi. Siku hiyo ni yake na ya mjukuu wake.

Yapo majina yenye kivuli. Benito ni mojawapo. Baba yake Mussolini, dikteta wa Italia, alimpa mwanawe jina hilo kwa heshima ya Benito Juárez, rais wa Meksiko, lakini leo hakuna anayemkumbuka Juárez akilisikia Italia. Sisi Waafrika tuna sababu ya ziada: ni kwa amri za Mussolini Ethiopia ilivamiwa Oktoba 1935 na watu wake wakamwagiwa gesi ya sumu. Liacheni.

Lakini upande huu huu wa dunia umelibeba jina Felice, mwenye furaha, kwa namna nyingine. Felice Benuzzi alikuwa mfungwa wa vita kambini Nanyuki. Mwaka 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka wakaupanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojitengenezea, kisha wakarudi kambini wenyewe. Kwa mtoto wa kiume wa Nanyuki au Meru, hilo ni jina lenye hadithi ya kumsimulia, na hadithi yenyewe iko nje ya dirisha lake.

Mbele ya wote hao namweka Benedetto. Mtakatifu Benedetto wa Palermo alizaliwa Sicilia katika karne ya 16, wazazi wake wakiwa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Alikuwa mpishi wa watawa, baadaye akawa mkuu wao ingawa hakujua kusoma. Alifariki mwaka 1589. Ukiulizwa jina la Kiitaliano linamhusu nini mtoto mweusi, huyu ni jibu la miaka mia nne. Kwa binti, kuna Zita wa Lucca, aliyefariki mwaka 1272 baada ya kufanya kazi za ndani katika nyumba moja maisha yake yote. Ni msimamizi wa wafanyakazi wa ndani. Mzazi aliyewasomesha wadogo zake kwa kazi ya nyumba za watu ana haki zote za kulichukua jina hilo na kulitamka kwa sauti.

Hatua ya saba: Liite kwa sauti kabla halijawa la mtu

Simameni mlangoni jioni, kila mmoja kwa zamu, mkaliite kama mtu anayemwita mtoto aliye mbali na giza linaingia. Jina refu litajikata lenyewe, na namna litakavyojikata ndiyo mtakavyoliita miaka yote. Waitaliano wenyewe hukata: Giuseppe huwa Beppe au Peppe, Francesco huwa Franco au Ciccio, Luigi huwa Gigi, Domenico huwa Mimmo, Lorenzo huwa Renzo au Enzo. Ciccio nisingelichukua, kwa maana huko huko ni neno la kumwitia mnene.

Kisha liweke kwenye jina lako wewe. Hakuna orodha ya Kizungu itakayokukumbusha hili: siku ya kujifungua, wewe mwenyewe unabadilika jina. Dukani, msibani, kwenye kikoba, utakuwa Mama Fulani, pengine hadi uzeeni. Mama Serena. Mama Matteo. Baba Irene. Tamka na uone kama unaitika. Gino, kwa mfano, angekufanya Mama Jino.

Na kwa wanaofuata utaratibu wa Tanzania wa majina matatu, mtoto wa kiume ana jambo zaidi. Jina lake la kwanza litakuwa jina la pili la watoto wake na la tatu la wajukuu wake. Ukimwita Lorenzo, umewaandikia majina watu wa mwaka 2080. Jaribu: Neema Lorenzo, Juma Lorenzo, Tumaini Juma Lorenzo. Kwa sababu hiyo kwa wavulana napendekeza jina fupi, lisilo na ch wala gh, ambalo karani wa miaka hamsini ijayo ataliandika bila kukuuliza.

Hatua ya nane: Liandikishe, ukitazama kila herufi

Hapa tuliumia. Siku ya kufuata cheti cha kuzaliwa nililitaja jina kwa mdomo, Kiara, kisha nikasema linaandikwa kwa ch. Karani alikuwa na foleni ndefu. Nilipokea karatasi, nikatazama tarehe na jina la baba, nikaikunja. Nyumbani mume wangu aliifungua, akasoma: CHAIRA. Kuirekebisha kulitugharimu safari mbili, nauli, na siku ya kazi.

Usiende na mdomo mtupu. Andika jina kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi nyumbani, kwa kalamu nzito, ukabidhi karatasi hiyo hospitalini wanapojaza tangazo la kizazi, na tena unapokwenda RITA, ofisi ya serikali inayotoa vyeti vya kuzaliwa. Jina kwenye tangazo la kizazi, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ubatizo lifanane herufi kwa herufi, kwa sababu tofauti ya herufi moja huja kudaiwa kiapo mtoto anapotaka kitambulisho cha taifa au pasipoti. Tanzania Bara, msajili ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Zikipita, utaratibu unakuwa mrefu zaidi na wa gharama zaidi. Majina yenye alama juu ya irabu, kama Nicolò na Noè, yataandikwa bila alama hiyo. Amueni mapema kama mnaridhika na Nicolo. Usiondoke dirishani kabla hujasoma kila herufi kwa kidole.

Na kwenye jalada la kadi ya kliniki, chini ya jina, andika kwa penseli linavyotamkwa. Mwezi uliofuata niliandika "Kiara" kwa herufi ndogo, nikaizungushia duara. Nesi alikuwa yule yule. Aliichukua kadi juu ya rundo, akaitazama, akaita mara moja tu, nami nilikuwa nimeshasimama.